Mwana wa Unguja Asikika Chala

Juzi nilikuwa Chala, juu ya lile ziwa tunalogawana na Tanzania, kijana mmoja akanifungulia simu yake. Ulikuwa wimbo wa roki wa mwaka 1980, Another One Bites the Dust, ambao Wyclef Jean na wenzake waliupiga upya mwaka 1998 kwa mtindo wa hip-hop, huu muziki wa kufokafoka. Wao wameongeza ghani zao. Kiitikio wamemwachia mwenyewe. Nikamwuliza kijana, huyu kwao wapi? Akanijibu Uingereza.

La hasha! Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Maparsi, babake mshika fedha wa serikali ya Kiingereza. Akapelekwa Bara Hindi kusoma. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, wakahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury na, mwaka 1970, akaanzisha bendi ya Queen na wenzake. Ukimwi ulimwua London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45.

Mwaka 2006 walitokea Unguja waliopinga asifanyiwe sherehe ya kuzaliwa, kwa mwenendo wake. Mimi nami mtoto wa chuoni, sibishani nao katika hilo. Lakini kitovu chake kilizikwa kule, nani atakifukua?

Kijana akaurudia wimbo. Sikumkataza.