Abebe Bikila: mazoezi yaliyomfikisha Roma na Tokyo

Kama unakimbia asubuhi bila viatu vya maana, huenda umewahi kumsikia Abebe Bikila. Wengi humtaja kwa sababu ya miguu mitupu tu. Lakini uangalie mazoezi yake.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Waitaliano walipoivamia nchi, familia yake ililazimika kuhama; alikuwa mtoto mdogo. Alipokua akajiunga na walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akafundishwa na Onni Niskanen kutoka Sweden.

Hakukimbia mbali tu. Siku nyingine alikimbia vipande vifupi kwa kasi, akapumzika kidogo, akarudia. Hapo moyo na mapafu huzoea kazi nzito. Siku nyingine alipanda vilima, miguu ipate nguvu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mwili huongeza chembe nyekundu za damu.

Roma, 1960: viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Akavivua, maana kukimbia peku alishazoea. Karibu na mwisho aliongeza mwendo penye mnara wa Axum, ambao Waitaliano waliuchukua Ethiopia, akamwacha Rhadi wa Morocco. Alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1964 alipasuliwa kidole tumbo wiki tano hivi kabla ya Tokyo. (Wewe usijaribu hivyo bila ruhusa ya daktari!) Safari hii alivaa viatu, akashinda kwa 2:12:11. Wa pili alifika dakika nne baadaye, wakati Abebe ameshafanya mazoezi ya kunyoosha viungo kwenye majani ya uwanja.

Mexico, 1968, mguu ulimuuma akaacha njiani. Mwenzake Mamo Wolde akashinda.

Mwaka 1969 gari lake lilipata ajali, miguu ikapooza. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alianza kujizoeza mikono na mabega, na mwaka 1970 akashindana kulenga mishale Uingereza, katika michezo ya walemavu.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, ana miaka 41. Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi.