Semei Kakungulu: Jemadari Aliyegeukia Kitabu

Msomaji apitaye mtaa wa Namakwekwe, mjini Mbale, mashariki ya Uganda, hayuko mbali na vilima ambako hayati Semei Kakungulu alimalizia siku zake. Maisha yake yafaa kutazamwa, kwani yana swali linalozikabili nchi zote zitokazo vitani: je, mkono uliozoea mkuki waweza kuzoea kitabu?

Kakungulu alizaliwa Kooki, yapata mwaka 1869. Alikuwa mwindaji wa tembo, kisha jemadari wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kuanzia mwaka 1888. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme wawili, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Baadaye aliongoza jeshi lake upande wa mashariki, akaitiisha nchi ya Bukedi kwa manufaa ya Waingereza. Wenyeji walipoteza watu, mifugo na uhuru wao; jambo hilo halifai kufichwa.

Yeye alitaraji ufalme. Waingereza walimpa ardhi ya maili za mraba 20, mahali ulipochipua mji wa Mbale. Akafungua barabara na kupanda miti. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 aliongoza baraza la machifu wa Busoga, upande wa Jinja, kisha akarejea Mbale.

Hapo jemadari akawa mwanafunzi. Mwaka 1919 alishika sheria ya Torati, akatahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha mafundisho kwa Kiluganda. Alifariki Novemba 24, 1928.

Katika utawala wa Idi Amin, dini ya Abayudaya ilipigwa marufuku, na wengi wakaiacha. Waliobaki hawakulipiza kisasi. Mwaka 2004 waliungana na majirani zao Waislamu na Wakristo kuunda chama cha ushirika cha kahawa, kilichopewa jina la Kiluganda lenye maana ya amani tamu. Nayo shule ya sekondari yenye jina la Kakungulu imewapokea watoto wa dini hizo tatu.

Ujana wake Kakungulu aliutumia katika vita vya dini. Leo jina lake limebebwa na shule ambamo watoto wa dini mbalimbali hukaa dawati moja. Amani ni somo, nalo huanza kufundishwa hapo.