Mtakatifu Thoma wa Akwino: Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa



Kila tarehe 28 Januari, Kanisa linapomkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino, sisi mafrateri wa falsafa husimuliana habari za akili yake. Miaka aliyokaa chini ya walimu kabla ya kuruhusiwa kufundisha chuo kikuu hatuizungumzii sana. Tuitazame leo, maana inamhusu kila aliyekabidhiwa kufundisha wengine.

Thoma alizaliwa mnamo mwaka 1225 katika ngome ya Roccasecca, Italia. Akiwa na miaka mitano hivi alipelekwa kulelewa na wamonaki wa Monte Cassino, na mwaka 1239 akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Napoli. Huko akavutwa na Wadominiko, shirika la ndugu maskini waliosoma ili wahubiri. Familia yake, iliyomtakia cheo kikubwa, ilimteka na kumzuia nyumbani karibu mwaka mzima. Hakubadili nia, hatimaye wakamwachia.

Shirika lilimpeleka Paris mwaka 1245, na mwaka 1248 akafuatana na mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, hadi Köln, Ujerumani. Alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa na maneno machache, hata wenzake wakamwita ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimhurumia akajitolea kumfafanulia somo. Katikati ya maelezo mfadhili huyo akakwama, na Thoma akaendelea kwa upole hadi mwisho. Alberto alipomsikia katika mdahalo alitambua kwamba sauti ya ng'ombe huyo itasikika duniani kote. Hata hivyo, Thoma aliendelea kuketi kama mwanafunzi hadi mwaka 1252.

Wakati huo haikutosha mtu kuwa na akili ili afundishe teolojia Paris. Kanuni za mwaka 1215 zilidai awe na umri wa miaka 35 na awe amesoma miaka isiyopungua minane. Alipaswa kwanza kuwa mhadhiri msaidizi chini ya mwalimu kamili, akifafanua kitabu cha Sentensi cha Petro Lombardo na kujibu hoja katika midahalo mbele ya watu. Mwishowe mkuu wa leseni wa chuo, aliyeitwa kansela, ndiye aliyetoa ruhusa ya kufundisha. Thoma alipita njia hiyo kwa miaka minne, tangu 1252 hadi 1256.

Haikuwa miaka ya amani. Walimu wanajimbo wa Paris hawakutaka watawa ombaomba washike viti vya kufundishia. Uadui ulikua hata askari wa mfalme wakailinda nyumba ya Wadominiko. Katika hali hiyo, mwaka 1256, Thoma akapewa leseni akiwa na miaka 31 hivi, kabla ya umri uliotakiwa, Papa Aleksanda IV akiiunga mkono hatua hiyo.

Mapokeo yanasema hakufurahi. Alilia na kusali, akijiona hana umri wala elimu ya kutosha, wala hajui aseme nini katika somo lake la uzinduzi. Ndipo katika ndoto mzee mmoja akamwonyesha aya ya Zaburi ya 104, inayomtaja Mungu akiinywesha milima kutoka juu. Thoma akaijengea somo lake lote. Mvua hushuka juu ya milima, kisha maji hutiririka mabondeni. Vivyo hivyo hekima ya Mungu huwafikia wasikilizaji kwa kupitia walimu. Mlima hauna maji yake wenyewe, nao umekwisha kunyeshewa kabla ya kulinywesha bonde. Licha ya hayo, walimu wenzake walikawia kumpokea katika jumuiya yao hadi mwaka 1257.

Je, leseni ilimmalizia masomo? La. Mwaka 1259 alikuwa miongoni mwa ndugu watano waliopewa kazi ya kupanga masomo ya shirika katika mkutano wa Valenciennes, Alberto akiwemo. Waliagiza, pamoja na mambo mengine, kwamba mhadhiri asiye na kipindi naye aende darasani kusikiliza, hasa kwenye midahalo. Kwao mhadhiri alibaki mwanafunzi.

Baadaye, akiwafundisha ndugu vijana Roma kuanzia mwaka 1265, aliona tatizo jingine. Vitabu viliwachosha wanaoanza, kwa sababu vilijaa maswali yasiyo na faida, vilirudiarudia mambo na havikufuata mpango wa somo. Hakuwalaumu wanafunzi kwa uzito wa vichwa. Aliandaa upya somo lenyewe kwa ajili yao, na hivyo ikaanza Summa Theologiae, kitabu ambacho sisi leo tunakiogopa, kumbe kilikusudiwa wanaoanza! Hakukimaliza. Aliacha kuandika Desemba 1273, na tarehe 7 Machi 1274 akafariki Fossanova akiwa safarini kwenda Mtaguso wa Lyon. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1323 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1567.

Ndugu msomaji, mimi hutumwa kigangoni siku za Jumapili kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Watoto wasipoelewa, neno la kwanza linalonijia ni kwamba hawasikilizi. Maisha ya Thoma yananirudisha kwenye daftari langu. Iwe ni mhadhiri mwenye shahada, katekista au mzazi, cheti humpa mtu ruhusa ya kusimama mbele. Kinachomfaa mwanafunzi ni mwalimu anayeendelea kunyeshewa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, utuombee.