Belinda Mulrooney na Hoteli ya Fairview

Dhahabu ilipogunduliwa mnamo Agosti 1896 katika eneo la Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, maelfu ya wanaume waliyapa makwao kisogo, wakajitwika sururu na makarai. Belinda Mulrooney aliwasili katika mji wa Dawson mwaka uliofuata akiwa na bidhaa za kuuza: nguo za hariri, vitambaa vya pamba na chupa za mpira za kutilia maji moto. Inasimuliwa kwamba alipofika aliitosa mtoni sarafu yake ya mwisho. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini bidhaa zile zilimletea faida mara kadhaa ya mtaji wake.

Alizaliwa mwaka wa 1872 huko Sligo, Ireland. Alikuwa msichana mdogo alipovuka bahari kuwafuata wazazi wake Pennsylvania, Marekani, ambako babake alichimba makaa ya mawe. Maisha ya wachimbaji, basi, hayakuwa mageni kwake. Alijua kuwa mchimbaji hurudi jioni akiwa na njaa, baridi na maneno mengi.

Ndiyo maana hakujenga hoteli yake ya kwanza mjini. Aliijenga machimboni, mahali vijito vya Bonanza na Eldorado vinapokutana. Waliomdhihaki walinyamaza upesi. Pale wachimbaji walikula, wakanywa, wakapiga soga. Naye akiwahudumia, aliyatega masikio. Kutokana na soga hizo alijua ni machimbo yapi ya kununua hisa.

Julai 1898 alifungua Fairview, mjini Dawson: ghorofa tatu, vitanda vya shaba, taa za vigae vya kioo. Vifaa vya fahari kama hivyo vilipitishwa milimani kwa migongo ya nyumbu. Husimuliwa pia kwamba mchukuzi aliyemkodi aliitelekeza mizigo yake njiani ili abebe pombe ya mteja mwingine. Belinda akawatwaa nyumbu hao na kuisafirisha mizigo mwenyewe. Hata hivyo, fahari hiyo ilikuwa na kasoro ya kuchekesha. Kuta za ndani zilikuwa turubai lililobandikwa karatasi za mapambo, hivi kwamba mnong'ono wa chumba kimoja ulisikika katika cha pili.

Aliyeweza kumpima kila mteja alishindwa kumpima mmoja. Mwaka wa 1900 aliolewa na Charles Eugene Carbonneau, aliyejiita mwungwana wa ukoo wa kifahari wa Ufaransa, ilhali mjini alisemekana kuwa kinyozi wa Montreal. Wakaishi kianasa hadi Paris. Kufikia talaka yao mwaka wa 1906, sehemu kubwa ya mali aliyoichuma Klondike ilikuwa imeyeyuka.

Alianza tena. Akiwa na dadake alifungua benki katika machimbo ya Dome, Alaska, kisha akajenga jumba la mawe huko Yakima, jimbo la Washington. Nalo halikudumu mikononi mwake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na umri wa takriban miaka 70, alikuwa kibarua katika karakana ya meli, akikwangua kutu. Alifariki Seattle mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 95.