Pombal: Aliyeijenga Lisbon, Akajaza Magereza

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu tunapenda sana kusema kwamba kiongozi bora ni yule anayeuliza maswali. Mimi naomba leo tumtazame mtu mmoja aliyejua kuuliza, ila yeye mwenyewe hakutaka kuulizwa. Ni Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye dunia inamjua kwa cheo alichopewa baadaye: Marquês de Pombal.

Alizaliwa Lisbon mwaka 1699, na familia yake haikuwa ya makabaila wakubwa. Aliiwakilisha Ureno kule London, halafu Vienna. Mwaka 1750 mfalme José I aliposhika kiti, akamwita awe waziri. Makabaila walimwona mtu wa kuja tu.

Ikafika tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ilikuwa kama saa nne kasoro asubuhi, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa. Walionusurika wakakimbilia kando ya mto Tagus, na huko nako mawimbi makubwa ya bahari yakawafuata. Moto nao ukala mji kwa siku kadhaa. Watu walikufa maelfu kwa maelfu. Mfalme mwenyewe hakutaka tena kulala ndani ya jengo la mawe. Akahamia mahema, kisha nyumba ya mbao mtaa wa Ajuda.

Hapo ndipo Pombal alipoonekana. Maiti zilipakiwa kwenye mashua zikazamishwa baharini ili kuzuia maradhi. Bei ya chakula ikadhibitiwa. Waporaji wakanyongwa hadharani. Mhandisi mkuu Manuel da Maia, mzee wa miaka 78, akapewa kazi ya kupanga mji upya. Katikati ya Lisbon ikapata mitaa mipana iliyonyooka, na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta, ili ardhi ikitikisika tena ziyumbe bila kubomoka.

Lakini kinachonivutia zaidi ni dodoso. Ndiyo, dodoso kama hili linalotutesa kwenye utafiti wa mwaka wa tatu. Kila parokia nchini ilitakiwa kujibu: mtikisiko ulidumu muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka? Wangapi wamekufa? Wakati wahubiri wengi wanasema ni adhabu ya Mungu, yeye alitaka data. Majibu yapo hadi leo kwenye nyaraka za taifa la Ureno, na wataalamu wa matetemeko bado wanayasoma.

Sasa upande wa pili. Padri Mjesuti Gabriel Malagrida alihubiri kwamba tetemeko lilisababishwa na dhambi. Alikosea, sawa. Lakini mwaka 1761 mzee huyo alinyongwa na mwili wake ukachomwa, baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kidini ambayo Pombal alikuwa ameshaiweka mkononi mwake. Kabla ya hapo, 1759, watu wa ukoo wa Távora waliuawa kikatili hadharani kwa tuhuma za kutaka kumuua mfalme. Magereza yakajaa wapinzani.

Mwaka huohuo wa 1759 aliwafukuza Wajesuti wote, na wao ndio waliokuwa na shule nyingi. Alitangaza walimu wa serikali, ila mtandao wa walimu wa kusoma na kuandika ulikuja kuwekwa 1772, ukilipiwa na kodi ya mvinyo na pombe. Hesabu mwenyewe: miaka 13. Mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati shule inafungwa alikuwa na ishirini. Mwaka huohuo wa 1772 akakifanyia mageuzi Chuo Kikuu cha Coimbra, hisabati na sayansi zikapata vitivo vyake. Ni kazi nzuri, sibishi, lakini yule kijana haikumfikia.

Mfalme alikufa 1777. Malkia Maria I akafungua magereza na kumwondoa Pombal madarakani. Alikufa 1782, mbali na Lisbon. Leo sanamu yake imesimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mji huo.

Nikipewa darasa la historia, nitafundisha dodoso na nitafundisha Malagrida katika kipindi kimoja. Wapo wenzangu watakaosema bila mkono wa chuma Lisbon isingesimama. Mimi nasema kuzika maiti na kupanga mitaa hakukuhitaji kumchoma mzee miaka sita baadaye. Mwenye hoja aje nayo toleo lijalo.