Charles Parsons: mhandisi aliyetafuta chanzo cha kelele ndani ya maji

Msikilizaji, kama umewahi kusimama kando ya pampu ya kumwagilia bustani wakati bomba lake la kunyonya limezibwa na tope, bila shaka unaijua sauti ile. Pampu hukwaruza kana kwamba imemeza kokoto. Hata pampu ya mafuta ya gari, ile ndogo inayokaa ndani ya tangi, huweza kulia pale chujio linapoziba. Katika makala hii tunaeleza maisha ya Charles Parsons, mhandisi aliyeshughulika na kelele za namna hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Parsons alizaliwa London tarehe 13 Juni 1854, akalelewa katika ngome ya familia yao huko Birr, Ireland. Baba yake alikuwa mtu mkubwa mwenye cheo na mali, lakini pia alipenda kazi ya mikono. Aliunda darubini ya kutazama nyota ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Watoto wake hawakupelekwa shule. Walifundishwa nyumbani na walimu wa kulipwa, na muda mwingine walikuwa karakanani.

Karakana hiyo ilileta msiba pia. Familia iliunda gari la kuendeshwa kwa mvuke, na tarehe 31 Agosti 1869 ndugu wa ukoo wao, Mary Ward, mwanasayansi aliyeandika vitabu kuhusu hadubini, alirushwa kutoka kwenye gari hilo lilipokata kona, gurudumu likampita juu, akafa. Charles alikuwa na umri wa miaka 15. Mapema kabisa familia ile iliona kwamba chombo kinachokwenda vizuri kinaweza pia kuua.

Alisoma hesabu Dublin na Cambridge, akamaliza mwaka 1877. Kisha akafanya jambo ambalo vijana wa tabaka lake hawakulizoea: aliingia kiwandani Newcastle kama mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1884 alitengeneza tabaini, yaani mtambo ambao mvuke hupita kati ya mapanga mengi madogo na kuyazungusha, bila pistoni ya kupanda na kushuka. Mtambo wake wa kwanza ulizunguka mara 18,000 kwa dakika na kuzalisha umeme. Mwaka 1889 aliachana na washirika wake akaanzisha kampuni yake, lakini haki za uvumbuzi zikabaki kwao. Ilimbidi kubuni tabaini ya aina nyingine, hadi alipozipata tena haki zake miaka mitano baadaye.

Mwaka huo wa 1894 aliishusha majini Turbinia, meli nyembamba ya urefu wa mita 31 hivi. Alitegemea mwendo wa ajabu, lakini meli haikufika hata noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa. Injini ilikuwa na nguvu ya kutosha. Tatizo lilikuwa kwenye rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji.

Kwa nini? Wanaoishi nyanda za juu wanajua kwamba maharage hukawia kuiva huko. Sababu ni kwamba mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia joto lile la pwani. Mgandamizo ukipungua sana, maji huchemka hata yakiwa baridi. Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya rafadha ya Turbinia. Ilizunguka haraka mno, mgandamizo ukashuka, mapovu ya mvuke yakajaa, na panga likawa linakata mapovu badala ya kusukuma maji.

Parsons hakukisia. Mwaka 1895 alitengeneza mfereji mdogo wa shaba wenye dirisha, akaweka ndani yake rafadha ya upana wa sentimita 5 hivi, akanyonya hewa kupunguza mgandamizo, kisha akaimulika kwa mwanga wa kuwaka na kuzima ili rafadha ionekane kana kwamba imesimama. Hapo mapovu yakaonekana kwa macho. Akaibadilisha meli: mihimili mitatu badala ya mmoja, kila mmoja ukiwa na rafadha tatu, ili kila panga lisukume kwa upole zaidi. Tarehe 26 Juni 1897, katika gwaride la meli za kivita la kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ilikatiza kati ya manowari kwa mwendo wa noti zaidi ya 30. Vyombo vya doria vilivyoifukuza havikuifikia. Miaka michache baadaye tabaini zake zilikuwa ndani ya manowari Dreadnought na meli ya abiria Mauretania.

Lakini mapovu yalileta madhara mengine. Povu linapofika mahali penye mgandamizo mkubwa huporomoka ghafla, na maji hugonga chuma kama nyundo ndogo. Mapigo hayo ndiyo kelele tunayoisikia, na ndiyo yanayotoboa chuma. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu ukubwa wa pigo hilo, na mwaka 1919 Parsons na mwenzake walichapisha majaribio yao kuhusu kuliwa kwa rafadha.

Kelele ya pili ilitoka kwenye gia. Meno ya gia yalikuwa na makosa madogo yaliyojirudia kwa mpangilio, na kosa linalojirudia hutoa mlio mmoja mkali. Mwaka 1912 Parsons alibuni njia ya kukata meno ambapo meza ya mashine ilisogea kidogo zaidi kila mzunguko, ili makosa yatawanyike badala ya kupangana mstari mmoja. Makosa hayakuisha, ila mlio ulipungua.

Fikra hiyo inaishi hadi leo ndani ya magari. Pampu ya mafuta ina kisahani chenye mapanga mengi madogo. Yakipangwa kwa nafasi sawa, yanapiga mluzi mmoja unaomfikia abiria. Kwa hiyo wabunifu huyapanga kwa nafasi zisizolingana, sauti itawanyike. Pia hurekebisha njia ya kuingilia mafuta ili mgandamizo usishuke ghafla, maana petroli, hasa ikiwa ya moto, hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko maji.

Vita vilimwachia Parsons jeraha: mwanawe wa pekee aliuawa mwaka 1918. Mwaka uliofuata binti yake Rachel, mhandisi pia, na mkewe Katharine walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanawake wahandisi Uingereza, Rachel akiwa rais wa kwanza. Parsons mwenyewe alifariki tarehe 11 Februari 1931 akiwa safarini, ndani ya meli iliyokuwa bandarini Kingston, Jamaica.

Kwetu sisi wenye pampu, kazi yake ina faida ya karibu. Pampu ikianza kukwaruza, usiizoee sauti hiyo. Izime, safisha chujio, kagua kama bomba la kunyonya limeziba au limejikunja, na kwa gari usingoje tangi likauke. Ukiiacha iendelee, mapovu yale yanaendelea kula chuma.