Mwana wa Mombasa Aliyewasoma Wadudu

Jioni moja barazani Kibokoni, kahawa chungu ikizunguka, ulizuka mjadala juu ya sima. Mzee mmoja alishikilia kwamba mahindi yaliyobadilishwa jeni ni sumu. Mwenzake akamjibu kuwa njaa ndiyo sumu iliyo kubwa zaidi. Mimi niliyefundisha bayolojia kwa miaka mingi nikatakiwa niamue. Badala ya kuamua, nilimtaja Profesa Thomas Risley Odhiambo. La kusikitisha ni kwamba miongoni mwa vijana waliokuwapo, wote wanafunzi wa sekondari, hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina hilo, sembuse kujua kwamba mwenyewe alizaliwa papa hapa Mombasa.

Alizaliwa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma Maseno na Makerere, kisha akaenda Cambridge, Uingereza, kusomea elimu ya wadudu hadi kiwango cha udaktari. Alirejea nyumbani kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, na mwaka 1967 akaandika katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Makala hayo yaliwagusa wengi. Mnamo 1970 kikazaliwa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, naye akakiongoza hadi 1994. Enzi hizo mdudu alionekana kuwa kitu cha kunyunyiziwa dawa, basi. Odhiambo alitaka kwanza ajulikane: anakula nini, anazaa wapi, na adui yake ni nani.

Hapa ndipo sima inapoingia. Kuna viwavi watoboao mabua ya mahindi, na mmoja wao, Chilo partellus, asili yake ni Asia. Alivuka bahari kama wageni wetu wengine, akawa balaa katika mashamba ya Pwani. Mwaka 1993, Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, watafiti wa ICIPE waliwaachilia huku kwetu nyigu wadogo mno waliotoka Asia vilevile, ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi na hivyo kumwua. Nyigu hao walishika makao na kuenea. Baadaye, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, kituo hicho kikishirikiana na Waingereza wa Rothamsted kilibuni njia nyingine: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na majani ya tembo huzungushwa pembeni ili kumvuta huko. Desmodiamu hiyo hiyo hukandamiza kiduha.

Mahindi ya Bt humwandama adui yule yule kwa njia tofauti. Yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni, mmea ukajitengenezea wenyewe protini ya kumwua kiwavi. Faida yake si ndogo: bua hubaki zima na dawa hupungua. Wala uchunguzi wa kisayansi haujaonyesha kwamba mahindi hayo yaliyoidhinishwa humdhuru mlaji; kwa hili, mzee wetu wa sumu alikosea. Lakini Afrika Kusini, isipate hata miaka kumi tangu yaanze kupandwa, walipatikana viwavi waliokwisha kuizoea protini hiyo. Hilo lanitia wasiwasi kuliko uvumi wote wa barazani. Serikali yetu ilipiga marufuku vyakula hivyo Novemba 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Katika kelele zote hizo, kiwavi mwenyewe hakutajwa sana.

Simtaji marehemu ili awe shahidi wa upande wowote. Ninalosema ni kwamba jeni na nyigu vyote ni sayansi, na mwalimu anayefundisha kimoja tu amempunja mwanafunzi wake.

Profesa Odhiambo alifariki Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Kahawa ilipokwisha, kijana mmoja aliniuliza iwapo nyigu wale wangalipo. Wapo, nikamwambia. Akauliza tena kama wanaonekana kwa macho matupu, na tukaagana kukutana Jumamosi kivukoni Likoni, yeye na wenzake watatu, tukawatafute katika mahindi ya Kwale.